KUPIMA UBONGO KWA KOMPYUTA: TUAMINI KIPIMO KIPI?

Ubongo ndio unaotuwezesha kufikiri, kukumbuka, kusema na kutembea. Umefichwa ndani ya fuvu la kichwa. Hatuuoni wala hatuwezi kuushika. Hata hivyo, siku hizi wataalamu wanaweza kujua ukubwa wa ubongo wa mtu aliye hai bila kumpasua kichwa. Wanatumia picha na kompyuta.

Lakini lipo jambo moja la kushangaza. Picha ile ile ya mtu yule yule inaweza kupimwa na kompyuta kwa njia mbili, na majibu yakawa mawili. Njia moja inasema ubongo umepungua. Nyingine inasema haukupungua. Tufuate jibu lipi?

Katika somo hili tutaeleza jinsi ubongo unavyopimwa. Tutaeleza pia jinsi wataalamu wanavyolinganisha njia hizo ili wajue ipi inafaa kwa kazi ipi. Ukisoma utaona kwamba jambo hili halina tofauti kubwa na mambo ya mizani, debe na kibaba tunayoyajua sote.

1. KWA NINI UBONGO UPIMWE?

Kuna wazee wanaoanza kusahau kupita kiasi. Mzee anasahau njia ya kwenda kisimani, au anauliza jambo moja mara kumi. Baadaye anaweza hata kuwasahau watoto wake. Watu wengine husema mzee huyo amerogwa, au yeye mwenyewe ni mchawi. Maneno hayo si kweli. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa ubongo.

Ugonjwa mmoja wa aina hiyo unaitwa Alzheimer. Jina hilo ni la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Ugonjwa wa kusahau uko hata kwetu Afrika. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wataalamu waliwachunguza wazee zaidi ya 1,000 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Waligundua kwamba wazee kama 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kusahau wa namna hii.

Ugonjwa wa Alzheimer unapoendelea, ubongo hunywea. Sehemu moja inayonywea mapema inaitwa hipokampasi. Ziko mbili, moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto. Umbo lake linafanana na farasi wa baharini. Kazi yake kubwa ni kutusaidia kuweka kumbukumbu mpya.

Hipokampasi ni ndogo. Kila moja ina ukubwa wa mililita 3 hivi. Kijiko cha chai huchukua mililita 5. Kwa hiyo hipokampasi moja haijazi kijiko cha chai.

Kila mzee hupungukiwa na hipokampasi kidogo kidogo. Kwa mzee mwenye afya, hupungua kama sehemu 1 au 2 katika 100 kwa mwaka. Kwa mwenye Alzheimer, hupungua kama sehemu 4 au 5 katika 100 kwa mwaka. Tofauti hiyo ni muhimu kwa daktari, lakini ni ndogo sana. Sehemu 5 katika 100 za mililita 3 ni kama matone machache tu ya maji. Atakayeipima lazima awe na kipimo kizuri.

2. PICHA INAPIGWAJE?

Picha nzuri za ubongo hupigwa na mashine inayoitwa MRI. Mwaka 1973, Paul Lauterbur wa Marekani alionyesha kwamba sumaku na mawimbi ya redio vinaweza kutoa picha. Peter Mansfield wa Uingereza aliiendeleza kazi hiyo. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Mashine ya MRI ina sumaku kubwa yenye nguvu nyingi. Mgonjwa hulala ndani yake kama mtu aliyelala ndani ya pipa lililo wazi pande mbili. Mashine hutuma mawimbi ya redio mwilini. Maji yaliyomo mwilini huyajibu mawimbi hayo, na kompyuta hugeuza majibu hayo kuwa picha. Mashine hii haitumii eksirei.

Picha yenyewe si moja. Ni nyingi, kama mkate uliokatwa vipande vyembamba. Kila kipande kinaonyesha sehemu moja ya kichwa. Tukivipanga vyote pamoja tunapata kichwa kizima.

Kila kipande cha picha kimegawanywa tena katika vijisehemu vidogo sana. Kila kijisehemu ni kama boksi dogo lenye pande zilizo sawa. Mara nyingi kila upande una urefu wa milimita 1. Tuviite vijiboksi.

Sasa tufanye hesabu. Vijiboksi 1,000 vya namna hiyo vinafanya mililita 1. Hipokampasi ya mililita 3 ina vijiboksi 3,000. Ubongo mzima wa mtu mzima una kama mililita 1,200, yaani kupita lita moja kidogo. Kwa hiyo ubongo mzima una vijiboksi kama 1,200,000.

Kupima ukubwa wa ubongo, basi, ni kuhesabu vijiboksi. Kuhesabu si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuamua kijiboksi kipi ni cha ubongo, kipi ni cha maji yanayouzunguka, na kipi ni cha mfupa. Mpakani rangi huchanganyika. Kijiboksi kimoja kinaweza kuwa nusu ubongo na nusu maji. Hapo ndipo ugomvi wa vipimo unapoanzia.

3. KUPIMA KWA MKONO

Njia ya zamani ni ya mkono. Mtaalamu aliyesomea mambo ya ubongo hukaa mbele ya kompyuta. Huchora mstari kuzunguka hipokampasi katika kipande cha kwanza cha picha, kisha cha pili, kisha cha tatu, hadi amalize. Halafu kompyuta huhesabu vijiboksi vilivyomo ndani ya mstari.

Njia hii inaheshimiwa kwa sababu jicho la mtaalamu linaona mengi. Lakini ina matatizo matatu.

Kwanza, inachukua muda mrefu. Ubongo mzima ukichorwa sehemu zote, kazi huchukua siku kadhaa. Hospitali yenye wagonjwa wengi haiwezi.

Pili, watu wawili hawachori sawa. Hata mtu mmoja akichora leo na akachora tena mwezi ujao, mistari haitalingana kabisa.

Tatu, wataalamu hawakuwa wamekubaliana mpaka wa hipokampasi uko wapi. Ni kama wanakijiji wawili wanaopima shamba moja, mmoja akianzia kwenye mwembe, mwingine akianzia kwenye kichuguu. Kwa sababu hiyo wataalamu wa nchi mbalimbali walikaa pamoja wakakubaliana mpaka mmoja. Mapatano yao yalitangazwa mwaka 2015.

4. PROGRAMU ZA KOMPYUTA

Kompyuta haina akili yake yenyewe. Inafuata maagizo iliyopewa na watu. Orodha ya maagizo hayo inaitwa programu. Programu za kupima ubongo ziko nyingi. Tutazitaja chache tu.

SPM ilianzia London, Uingereza, kwa kazi ya Karl Friston. Ilianza kugawiwa kwa wataalamu wengine mwaka 1991. Huangalia weupe na weusi wa kila kijiboksi. Kisha hugawanya kichwa katika mafungu: nyama ya kijivu ya ubongo, nyama nyeupe ya ubongo, na maji.

FreeSurfer ilianzia Boston, Marekani. Anders Dale, Bruce Fischl na Martin Sereno waliieleza mwaka 1999. Programu hii ina ramani. Ramani hiyo ilitengenezwa kutokana na picha za watu wapatao 40 zilizochorwa kwanza kwa mkono. FreeSurfer huilinganisha picha ya mgonjwa na ramani hiyo, kisha hutoa jina la kila sehemu. Kwa kawaida picha ya mtu mmoja huchukua saa nyingi, hata usiku mzima.

FSL ilianzia Oxford, Uingereza, na ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2000. Ndani yake mna programu ndogo kadhaa. Moja inaitwa FIRST. Hiyo imefundishwa maumbo. Ilionyeshwa picha 336 zilizochorwa kwa mkono ili ijue umbo la kawaida la hipokampasi na sehemu nyingine za ndani. Nyingine inaitwa SIENA. Hiyo hulinganisha picha mbili za mtu mmoja zilizopigwa nyakati mbili.

Njia ya SIENA ni nzuri kuielewa. Tuseme unataka kujua kama maji ya kisima yanapungua. Unaweza kupima kina chote leo, ukapima tena mwezi ujao, halafu ukatoa. Lakini ukikosea kidogo katika vipimo vyote viwili, jibu litapotoka. Njia nyingine ni kuweka alama ukutani penye usawa wa maji. Mwezi ujao unaangalia tu maji yameshuka kiasi gani chini ya alama. SIENA hufanya hivyo. Huangalia ukingo wa ubongo umesogea kiasi gani.

FastSurfer ilitoka Bonn, Ujerumani, mwaka 2020. Hii ni ya aina mpya. Haikuandikiwa kila hatua. Ilionyeshwa mifano mingi, ikajifunza kutokana na mifano hiyo. Kazi ya kugawanya sehemu za ubongo huimaliza kwa muda kama wa dakika moja, ikiwa kompyuta ina nguvu. Lakini mifano iliyoifundisha ilitokana na FreeSurfer. Mwanafunzi huiga hata makosa ya mwalimu wake.

Programu hizi zilizotajwa ni za utafiti. Hazikutengenezwa ili zitumike peke yake kumpa mgonjwa jibu. Zipo nyingine zilizoidhinishwa kutumika hospitalini. Kwa mfano NeuroQuant iliruhusiwa na serikali ya Marekani mwaka 2006.

5. PROGRAMU HULINGANISHWAJE?

Wataalamu wanapotaka kujua programu ipi ni nzuri, huuliza maswali manne.

Swali la kwanza: Je, inakubaliana na mkono wa mtaalamu?

Hapa kuna mambo mawili ya kutazama, ukubwa na mahali. Chukua mfano wa shamba. Juma ana ekari 1. Akaajiri mtu wa trekta amlimie. Jioni mtu wa trekta akasema, "Nimelima ekari 1 kamili." Ni kweli. Lakini nusu ya ekari hiyo ilikuwa katika shamba la jirani. Ukubwa ulikuwa sawa. Mahali hapakuwa sawa.

Programu nayo huweza kufanya hivyo. Tuseme mtaalamu amechora vijiboksi 3,000. Programu nayo imechagua vijiboksi 3,000. Ukitazama ukubwa tu utasema zimelingana kabisa. Lakini ukitazama mahali unaona kwamba vijiboksi vilivyochaguliwa na wote wawili ni 2,400 tu. Yaani katika kila vijiboksi 10, ni 8 tu vilivyolingana. Kwa hiyo wataalamu hawaridhiki na ukubwa peke yake. Hutazama pia ni vijiboksi vingapi vimekubaliwa na pande zote mbili.

Utafiti mwingi umeonyesha kwamba FreeSurfer huipima hipokampasi kubwa kuliko ile iliyochorwa kwa mkono. Je, hiyo ina maana kwamba haifai? Ngoja kwanza tuone swali la pili.

Swali la pili: Je, ikipima mara mbili inatoa jibu lile lile?

Mtu mmoja hupigwa picha mbili siku moja. Katika muda wa saa moja ubongo hauwezi kunywea. Kwa hiyo majibu mawili yanapaswa kuwa sawa. Yakitofautiana, tofauti hiyo ni kosa la kipimo.

Fikiri juu ya mizani mbili za kupimia pamba. Mizani ya kwanza huongeza kilo 2 kila mara, wala haibadiliki. Mizani ya pili leo huongeza kilo 3, kesho hupunguza kilo 4, keshokutwa ni sahihi. Ipi ni mbaya zaidi? Ni ya pili. Ile ya kwanza ukishaijua unaweza kutoa kilo 2 ukapata ukweli. Hii ya pili haitabiriki.

Hivyo programu inayozidisha kidogo kila mara bado inaweza kufaa, mradi kosa lake halibadilikibadiliki.

Swali la tatu: Je, inaweza kuona badiliko dogo?

Tumesema hipokampasi ya mgonjwa hupungua sehemu 4 au 5 katika 100 kwa mwaka. Ikiwa kosa la programu kwa kila kipimo ni sehemu 6 katika 100, programu hiyo haiwezi kuonyesha badiliko la mwaka mmoja kwa mgonjwa mmoja. Ni sawa na kutaka kupima unene wa unywele kwa rula ya shule. Kwa kundi la watu wengi inaweza kusaidia, maana makosa madogo hufidiana. Kwa mtu mmoja inaweza kudanganya.

Swali la nne: Je, inashindwa mara ngapi, na inagharimu nini?

Programu nyingine hushindwa kabisa kusoma picha mbaya. Nyingine haishindwi, lakini hutoa jibu la uongo bila kuonya. Hii ya pili ni hatari zaidi. Kwa hiyo mtu lazima aitazame picha kwa macho baada ya kompyuta kumaliza. Pia hospitali lazima ijiulize: Tuna kompyuta ya kutosha? Tuna umeme wa kutosha kwa saa 10 mfululizo? Tuna mtu aliyefunzwa?

6. USIBADILISHE MIZANI KATIKATI YA SAFARI

Akina mama wanajua kazi ya kliniki ya watoto. Kila mwezi mtoto hupimwa uzito, na alama huwekwa katika kadi. Alama zikipanda, mtoto anakua. Zikishuka, kuna shida.

Sasa tuseme mwezi huu mtoto amepimwa kwa mizani nyingine. Alama imeshuka. Je, mtoto anaumwa, au ni mizani tu? Huwezi kujua. Mama atapata wasiwasi bure. Au kinyume chake, mtoto anakonda kweli lakini mizani mpya imeficha.

Mwaka 2012 wataalamu wa Maastricht, Uholanzi, walitangaza jambo kama hilo kuhusu FreeSurfer. Walichukua picha zile zile za watu wale wale. Wakazipima kwa FreeSurfer ya toleo la zamani, kisha kwa toleo jipya zaidi. Ukubwa wa sehemu za ubongo ulitofautiana kwa wastani wa karibu sehemu 9 katika 100. Kwa sehemu nyingine tofauti ilikuwa ndogo, kwa nyingine ilikuwa kubwa zaidi. Hata walipotumia toleo lile lile katika kompyuta za aina tofauti, majibu hayakuwa sawa, ingawa tofauti ilikuwa ndogo zaidi.

Tulinganishe. Ugonjwa hupunguza hipokampasi sehemu 4 au 5 katika mwaka mzima. Kubadilisha toleo la programu kulileta tofauti ya sehemu 9 bila mgonjwa kuugua hata siku moja. Kwa hiyo mgonjwa akipimwa mwaka huu kwa programu moja, na mwaka ujao kwa nyingine, daktari anaweza kusema ugonjwa umezidi kumbe mizani ndiyo iliyobadilika.

Kanuni ni hii: Mashine ile ile, programu ile ile, toleo lile lile, tangu mwanzo hadi mwisho. Kama lazima kubadilisha, picha za zamani zipimwe upya kwa programu mpya. Ndiyo sababu ni vizuri kuzitunza picha za zamani, siyo karatasi ya majibu tu.

7. WATOTO WA MBALE

Mbale ni mji wa mashariki ya Uganda, karibu na Mlima Elgon. Huko kuna hospitali ya watoto ya CURE. Hospitali hiyo hutibu watoto wengi wenye vichwa vikubwa, yaani watoto ambao maji yamejaa ndani ya ubongo. Katika nchi zetu watoto wengi hupata ugonjwa huu baada ya kushikwa na maambukizo wakiwa wachanga.

Kuna njia mbili kubwa za kuutibu. Ya kwanza ni kuweka mpira mwembamba chini ya ngozi ili utoe maji kichwani uyapeleke tumboni. Mpira huo ukiziba, mtoto hupata hatari na lazima arudi hospitali haraka. Ya pili ni kufungua njia ya maji ndani ya ubongo kwenyewe na kuunguza sehemu inayotengeneza maji. Njia hii haiachi mpira mwilini. Daktari Benjamin Warf ndiye aliyeiendeleza huko Mbale.

Watu waliuliza: Je, mtoto asiyewekewa mpira, ubongo wake utakua vizuri kama wa mwenzake? Utepe wa kupimia kichwa hauwezi kujibu. Kichwa kinaweza kuongezeka kwa sababu ya ubongo au kwa sababu ya maji. Utepe hauoni ndani. Ilibidi kupima ubongo wenyewe kwa picha.

Lakini programu za kawaida hazikufaa. Ramani zake zilitengenezwa kutokana na ubongo wa watu wazima wenye umbo la kawaida. Mtoto wa Mbale ni mchanga, na ubongo wake umesukumwa na maji hadi kuwa ganda jembamba kando ya fuvu. Tena picha zake zilikuwa za CT, ambazo ni eksirei zinazopigwa kuzunguka kichwa, siyo za MRI. Ukimpa mtu ramani ya Dodoma atembee Zanzibar, atapotea. Kwa hiyo wataalamu walioshirikiana na hospitali hiyo walitengeneza njia nyingine ya kutenga ubongo na maji inayofaa watoto hao.

Watoto 100 walishiriki katika jaribio. Nusu hivi walitibiwa kwa mpira, nusu kwa njia ya pili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Baada ya mwaka mmoja, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa maana kubwa, si katika ukubwa wa ubongo, si katika uwezo wa kujifunza. Jibu hilo lilikuwa muhimu kwa wazazi wanaoishi mbali na hospitali. Lisingepatikana kama wataalamu wangetumia programu isiyofaa na kuamini kila ilichosema.

8. MAMBO MENGINE YANAYOPOTOSHA KIPIMO

Mgonjwa akitikisa kichwa wakati wa kupigwa picha, picha hufifia. Programu nyingi huisoma picha iliyofifia kana kwamba ubongo umepungua.

Kukosa maji mwilini nako hupotosha. Mwaka 2005 wataalamu wa Ujerumani walitangaza kwamba watu waliokaa saa 16 bila kunywa kitu, ubongo wao ulipungua kwa zaidi kidogo ya nusu ya sehemu 1 katika 100. Walipokunywa maji, uliongezeka tena. Huo haukuwa ugonjwa. Ilikuwa kiu.

Tena, mtu mwenye kichwa kikubwa ana ubongo mkubwa. Kwa hiyo ukubwa wa ubongo hulinganishwa kwanza na ukubwa wa fuvu la mtu huyo huyo, na pia na watu wa umri wake.

9. UKUBWA WA UBONGO SI KIPIMO CHA AKILI

Lazima tuonye juu ya jambo moja. Katika miaka ya 1830 na 1840, daktari Samuel Morton wa Philadelphia, Marekani, alikusanya mafuvu ya watu wa mataifa mengi. Aliyajaza mbegu ndogo ili kupima ukubwa wa ndani. Akaona mbegu hazitoi jibu moja kila mara, maana zinaweza kushindiliwa. Akaziacha, akatumia punje za risasi. Katika hilo alikuwa sahihi, kwa kuwa alikipima kwanza kipimo chake.

Lakini alitumia hesabu zake kuyapanga mataifa kwa ngazi, na watu waliotetea utumwa walifurahia maneno yake. Hapo alipotoka. Ukubwa wa fuvu hauonyeshi heshima wala akili ya taifa lolote. Kipimo kizuri hakimzuii mtu kutoa hukumu mbaya. Leo ubongo unapimwa ili kutazama ugonjwa na maendeleo ya mgonjwa. Haupimwi ili kujua nani ni bora.

10. TUFANYE NINI SISI?

Mzee wako akianza kusahau kupita kiasi, usimtenge wala usimsingizie uchawi. Mpeleke kituo cha afya au hospitali. Daktari ataanza kwa kuuliza maswali, kupima kumbukumbu na kupima damu. Picha huja baadaye, pale inapohitajika na inapopatikana. Baadhi ya sababu za kusahau hutibika, kama vile upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, kaswende ya muda mrefu, au damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka.

Kama picha imepigwa, tunza picha na majibu yake vizuri. Ukienda hospitali nyingine, vichukue. Ukiambiwa kwamba ubongo umepungua, una haki ya kuuliza: "Umelinganishwa na nini? Vipimo vyote viwili vilifanywa kwa njia moja?" Hayo si maswali ya ujeuri. Ni maswali yale yale ambayo mkulima huuliza mbele ya mizani.

Kipimo kimoja peke yake hakitoshi. Daktari huchukua picha, maelezo ya mgonjwa, maneno ya jamaa wanaoishi naye, na vipimo vingine, akavitazama vyote pamoja.

MASWALI

1. Hipokampasi iko wapi, na kazi yake ni nini?
2. Sehemu ya ubongo ina vijiboksi 4,500 vya milimita 1. Je, ni mililita ngapi?
3. Mtaalamu alichora vijiboksi 2,000. Programu nayo ilichagua vijiboksi 2,000. Vilivyolingana ni 1,800. Katika kila vijiboksi 10, vilivyolingana ni vingapi?
4. Mizani inayokosea kwa kiasi kile kile kila siku ni afadhali kuliko inayokosea ovyo. Kwa nini?
5. Kwa nini utepe wa kupimia kichwa haukutosha kwa watoto wa Mbale?

YA KUZUNGUMZA DARASANI

Katika kijiji chenu, wazee wanaosahau hutendewaje? Je, kuna vipimo mnavyovitumia ambavyo hamjawahi kuvilinganisha, kama madebe, vibaba au mizani ya kununulia mazao? Chukueni vibaba viwili vya watu wawili, mpime mahindi yale yale kwa vyote viwili, na mwandike tofauti mtakayoiona.